Windy Gyle, mpakani mwa Uingereza na Uskoti: njia ipi kwa kundi lenye watoto mwezi wa 11?

NyasiZaJuu

Wakuu, habari za humu.

Tuko watu wanane hapa Newcastle, watu wazima watano na watoto watatu wa kati ya miaka 11 na 14. Tunataka kupanda Windy Gyle kwenye milima ya Cheviot, Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa 11. Tumekichagua kwa sababu ni kilima cha nyasi, hakina majabali ya kukwea kwa mikono, urefu wake ni mita 619 tu, na watu wanaokwenda huko ni wachache. Tutakuwa na magari mawili.

Naomba msaada kwa wanaoifahamu sehemu hiyo. Tuanzie wapi na turudi kwa njia ipi ili tusizidi saa tano? Mpaka unapita juu kabisa ya kilima, na wawili kati yetu maombi yao ya viza bado yanashughulikiwa. Kuna tatizo wakikanyaga upande wa Uskoti? Nimesoma pia habari za bendera nyekundu za jeshi, zinatuhusu? Na kuna waliopendekeza tulale juu kwenye mahema. Simu zetu zote zina ramani ya Google, nadhani inatosha, lakini nisahihisheni.

---

DiraNaRamani

Mkuu, umechagua vizuri, ila hizo mita 619 zisiwadanganye. Nairobi iko mita 1,700 hivi na watu wanatembea na shati. Cheviot iko digrii 55 kaskazini mwa ikweta. Mwezi wa 11 pale juu hakuna mti wala ukuta, na upepo wa magharibi unafika bila kizuizi chochote. Jiandaeni kama watu wanaokwenda mlimani, maana mlima ndio huo.

Kutoka Newcastle nendeni Rothbury, kama kilomita 50. Jazeni mafuta hapo. Mkitoka hapo mnapita Thropton, Harbottle, halafu Alwinton, kijiji cha mwisho chenye maana ya kijiji. Msitegemee basi lolote huko ndani. Baada ya Alwinton barabara inafuata mto Coquet kwa kilomita 10 hivi, ina upana wa gari moja, kona hazionyeshi mbele, na kondoo wanalala kwenye lami kwa sababu inahifadhi joto. Nendeni polepole na mtumie sehemu za kupishana kwa kupishana tu, msiegeshe hapo. Kuna maegesho ya Wedder Leap karibu na Barrowburn, na nafasi nyingine ndogo mbele kidogo, Slymefoot, pale kijito cha Rowhope kinapoingia mtoni. Anzieni Slymefoot ikiwa kuna nafasi. Ikiwa imejaa, rudini Wedder Leap mtembee kwa barabara. Msizibe geti la shamba hata kama halionekani kutumika; matrekta yanapita kila siku.

Njia ya kupandia inaitwa The Street. Ni barabara ya zamani ya kuswagia mifugo kutoka Uskoti, ndiyo maana ni pana, ya nyasi, na inapanda mgongoni mwa mlima badala ya bondeni: waswagaji walikwepa matope. Mwanzo pale Slymefoot ni mkali kwa dakika 20 hivi, kisha mgongo unalegea. Mtapita vilima vidogo vya Hindside Knowe, Swineside Law na Black Braes, na baada ya karibu kilomita 5 mtafika kwenye uzio wa waya wa mpaka. Hapo geukeni kulia. Kutoka hapo hadi kileleni ni kama kilomita 2 mkifuata uzio.

Kushuka, hali ya hewa ikiwa wazi, tokeni kileleni kuelekea kusini kwa mgongo wa nyasi hadi shamba la Trows, halafu mfuate barabara ya shamba hadi Slymefoot. Mzunguko wote ni kilomita 11 au 12, na jumla ya kupanda ni mita 450 hivi.

Sasa muda. Kanuni ya Naismith ni saa moja kwa kila kilomita 5, ukiongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Kilomita 12 ni saa 2 na dakika 24, mita 450 ni dakika 45, jumla saa 3 na dakika 9. Hiyo ni kwa mtu mzima mwenye mwendo, asiyesimama. Kundi la wanane lenye watoto, kwenye nyasi zilizoloa, na mapumziko ya chakula, liongezewe nusu yake na zaidi kidogo: saa 5.

Wiki hiyo saa zitakuwa zimekwisha kurudishwa nyuma, kwa hiyo jua litachomoza kama saa moja na robo asubuhi na kuzama kama saa kumi na robo jioni. Muwe mnatembea saa tatu asubuhi. Wekeni saa ya kugeuka kabla hamjaondoka nyumbani: ikifika saa saba kamili mchana na hamjafika kileleni, mnarudi, hata kama kilele mnakiona. Aamue mtu mmoja, asiwe kura ya kundi.

Kuhusu Google, hapana. Haionyeshi uzio, na njia nyingi za milimani haina. Nunueni ramani ya Ordnance Survey, Explorer namba OL16, kipimo cha 1:25,000. Kwenye karatasi hiyo sentimita 4 ni kilomita moja, na uzio na kuta zote zimechorwa. Ikiwa mnataka na ya kwenye simu, tumieni programu yao na mpakue eneo lote mkiwa nyumbani kwenye Wi-Fi, maana bondeni mtandao ni wa kubahatisha. Kilele kiko NT 855 152 kwa namba za gridi ya ramani hiyo, kiandikeni kwenye karatasi.

---

MchungaWaKaskazini

Naongezea kuhusu ardhi yenyewe, kwa sababu neno "nyasi" linawafanya watu wafikirie uwanja wa mpira.

Nyasi za Cheviot ziko za aina nyingi na kila moja inasema kitu kuhusu kilicho chini yake. Zile fupi, za kijani, zilizolimwa na meno ya kondoo, ziko kwenye udongo unaopitisha maji. Miamba ya huku ni ya volkano ya kale, na mgongo wa The Street una sehemu ndefu za nyasi hizo. Kanyageni hapo bila wasiwasi. Kisha kuna nyasi ngumu kama bua la ufagio, ambazo zikikauka zinakuwa nyeupe na kufanya kilima chote kionekane kimepauka kuanzia vuli. Kondoo hawazipendi, wanakula zote za pembeni na kuziacha, kwa hiyo zinazidi kutawala. Chini yake ni unyevu lakini panabeba mtu.

Penye shida ni penye mafundo, nyasi ndefu zilizoota kwa mashina yaliyoinuka kama vichwa, na kati ya kichwa na kichwa kuna shimo lenye maji. Mtu akikanyaga juu ya fundo linapinda, akikanyaga katikati anazama hadi kifundo cha mguu. Miguu mingi huteguka hapo, na ni wakati wa kushuka, si kupanda. Mtoto aliyechoka anaanza kuruka kutoka fundo hadi fundo kama mchezo, mkatazeni mapema. Apite katikati, hatua fupi, alowe.

Mkiona vishungi vyeupe kama pamba kwenye vijiti vyembamba, au zulia la kijani kibichi linalong'aa bila jani hata moja lililosimama, zungukeni. Hiyo ni mboji, udongo mweusi wa mimea iliyooza nusu, iliyojaa maji. Zulia la kijani hasa: linaonekana laini na la kuvutia kuliko kila kitu kilicholizunguka, na fimbo ukiichomeka inaingia hadi mkononi. Pimeni kwa fimbo, msipime kwa mguu. Kwenye mgongo wa mpaka sehemu mbaya zaidi zimewekewa mabamba ya mawe, kwa sababu njia ya Pennine Way inapita hapo na nyayo za watu zilikuwa zimechimba mboji. Kaeni kwenye mabamba hata kama yanaonekana kuzunguka. Yakiwa na barafu asubuhi, tembeeni pembeni yake, maana yanateleza kama sabuni.

Viatu: buti zinazofunika kifundo, zenye soli ya meno marefu. Raba za mjini hazifai, soli yake laini haishiki nyasi zilizolala kwenye mteremko. Soksi za sufu jozi mbili kwa kila mtu, moja ikae kwenye mfuko wa plastiki ndani ya begi. Suruali ya jinzi iachwe nyumbani: inanyonya maji, inakuwa nzito, na haikauki siku nzima. Juu, tabaka tatu: fulana ya kitambaa cha michezo au sufu, sweta la manyoya, halafu koti la mvua lenye kofia ya kufunga. Suruali ya mvua pia, na mzivae kabla mvua haijaanza, mkiwa bado mmesimama vizuri. Kofia na glovu jozi mbili kwa kila mtoto, kwa sababu jozi ya kwanza italowa ndani ya saa moja.

Kondoo mtakaowaona ni Cheviot wenye uso mweupe na Blackface wenye uso mweusi na pembe. Mwezi wa 11 madume yanaingizwa kwa majike, kwa hiyo wachungaji wanapita kuwatazama. Mkilikuta kundi limezuia njia, simameni kidogo, lipeni nafasi ya kusogea upande mmoja. Msiligawe mara mbili. Geti mlilolikuta limefungwa lifungeni, lililoachwa wazi liacheni wazi. Mazizi ya duara ya mawe yaliyojengwa mabondeni na kwenye miteremko yalikuwa ya kukinga kondoo na theluji. Ukuta wake unakinga upepo vizuri kwa mapumziko, ila msipande juu yake, mawe hayajashikwa na saruji.

Kupe wapo hata vuli siku zikiwa na joto kidogo, hasa kwenye kangaga za chini ya mita 400. Jioni mkifika nyumbani kagueni nyuma ya magoti, kiunoni, kwapani na nyuma ya masikio ya watoto. Akipatikana, mshike na kibano karibu kabisa na ngozi, vuta moja kwa moja bila kuzungusha, bila mafuta wala kiberiti. Wekundu wa duara unaotanuka, ukijitokeza kati ya siku 3 na 30, ni wa kupeleka kwa daktari na kumweleza kuhusu kupe.

---

Ukungu55

Nakubaliana na DiraNaRamani kwa kila kitu isipokuwa kushukia Trows. Mwezi wa 11 ukungu unaweza kukaa juu ya mita 450 kutwa nzima wakati bondeni kuna mwanga. Kwenye ukungu kilima cha nyasi ni kigumu kuliko cha mawe, kwa sababu hakina umbo. Kila upande unafanana, mteremko ni wa taratibu, na mtu anageuka digrii 40 bila kujua.

Mkiwa kwenye mgongo wa mpaka mna kitu kimoja cha kushika, nacho ni uzio. Mkishuka kwenda Trows mnauacha uzio kileleni na kuingia kwenye mteremko mpana ambao njia yake ni hafifu. Kwa hiyo weka kanuni hii: ikiwa hamwoni mita 200 mbele mkiwa kileleni, rudini kwa njia mliyojia, kwa uzio, halafu The Street. Umbali unaongezeka kilomita 2 hivi tu.

Lakini uzio nao una mitego miwili, na inafaa kila mtu mzima aijue.

Mtego wa kwanza ni upande. Mkienda kileleni kutoka The Street, mkiwa upande wa Uingereza, uzio uko mkono wa kushoto. Mkirudi uko mkono wa kulia. Shida inaanza pale mtu anapoona ng'ambo kuna pakavu, anavuka kwa geti au ngazi, na wengine wanamfuata. Sasa uzio umebadilika mkono na hakuna aliyeandika. Baada ya nusu saa wanaulizana "ulikuwa kushoto au kulia?" na kila mmoja ana jibu lake. Kila mkivuka, mmoja aseme kwa sauti: tuko Uskoti sasa, uzio kulia. Mkirudi, aseme tena.

Mtego wa pili ni matawi. Kuna uzio za mashamba zinazoungana na ule wa mpaka na kushuka mabondeni. Kwenye ukungu, palipoungana panaonekana kama kona ya kawaida. Dira ndiyo itakayowaambia. Kutoka The Street hadi kileleni uzio wa mpaka unaelekea mashariki kwa jumla, unapinda hapa na pale lakini unarudi. Mkiona waya mnaoufuata unaelekea kaskazini au kusini kwa zaidi ya mita 100 na unashuka sana, simameni, rudini hadi kwenye kona. Tofauti ya kaskazini ya dira na kaskazini ya ramani huku ni chini ya digrii 2, hamna haja ya kuisahihisha.

Kwenye kurudi, njia ya The Street inatokea kushoto kwenu baada ya kilomita 2. Msingoje kuiona, ihesabuni. Mtu mzima anapiga hatua mbilimbili 65 hivi kwa mita 100 kwenye tambarare. Kwenye nyasi za mafundo ni 75 au 80. Mmoja ahesabu hatua, mwingine aangalie saa, na mkishapita dakika 35 muanze kutazama. Mkiona mnapanda tena kuelekea Mozie Law, mmepitiliza.

Kosa kubwa kuliko yote kileleni ni kushuka upande wa kaskazini. Mteremko ni mzuri, unaonekana kama njia ya nyumbani, na unawapeleka bonde la Bowmont, Uskoti. Mkifika Cocklawfoot gari lenu liko nyuma ya mlima, na kulizunguka kwa gari ni mwendo wa zaidi ya saa moja na nusu. Mkijikuta huko jioni msijaribu kupanda tena. Ombeni msaada kwenye shamba.

Clennell Street, ile iliyoko mashariki zaidi, ni njia nzuri na pana. Inavuka mpaka kwenye Border Gate, kilomita 1.8 hivi kutoka kileleni kwa uelekeo wa digrii 63. Lakini kushukia huko hadi Barrowburn na kurudi Slymefoot kunafanya mzunguko wa karibu kilomita 16. Iwekeni mwezi wa 6.

Vifaa vya kundi la wanane: dira mbili, ramani mbili, filimbi kwa kila mtu, tochi za kichwani nane zenye betri mpya, hema la dharura la kundi lisilo na nguzo (mnaingia wote ndani na kulikalia pindo), bandeji, pawabenki moja. Simu zizimwe data na ziwekwe mfuko wa ndani, karibu na mwili. Baridi inamaliza betri.

Ishara ya msaada ni mlio wa filimbi mara 6 ndani ya dakika moja, kimya dakika moja, halafu tena. Kwa simu ni 999 au 112, omba polisi kwanza, halafu waambie unahitaji uokoaji wa milimani. Simu yaweza kushika mnara wa upande wowote wa mpaka, kwa hiyo tajeni jina la kilima, namba ya NT, na upande wa uzio mliopo. Kabla ya safari kila mtu atume neno "register" kwenda 999 na afuate maelekezo. Baada ya hapo anaweza kuomba msaada kwa ujumbe mfupi mahali ambapo sauti haipiti.

Mtoto anayeanza kujikwaa, anayenyamaza ghafla, anayejibu kwa maneno yaliyovunjika au anayekataa kula, amepoa mwilini. Msimwambie ajikaze. Hema la dharura, nguo kavu, kofia, kitu cha sukari, mtu mzima akae naye amemkumbatia, na safari ya juu inaishia hapo.

---

RundoLaMawe

Maswali ya sheria hayajajibiwa, naona.

Viza: hakuna kituo, hakuna ukaguzi, hakuna alama zaidi ya uzio wa waya. Uingereza na Uskoti ni sehemu za dola moja na masuala ya uhamiaji yanasimamiwa na serikali moja ya London. Kukanyaga ng'ambo ya uzio si kutoka nchini. Wenzenu waende bila hofu.

Bendera nyekundu: ni za eneo la kufyatulia risasi la uwanja wa mazoezi wa Otterburn, ambalo liko kusini mwa mto Coquet. Windy Gyle na The Street ziko kaskazini mwa mto, nje ya eneo la hatari. Mkiendelea na gari kwenda juu ya bonde kuelekea Chew Green, penye ngome ya Warumi, ndipo bendera hizo zinawahusu. Bendera ikiwa inapepea, hampiti. Mtasikia mizinga kutoka mbali, waambieni watoto mapema wasishtuke. Na popote bondeni wasiokote kipande chochote cha chuma.

Kulala: hapa ule uzio una maana kweli. Upande wa Uskoti, sheria ya ardhi ya 2003 inampa kila mtu haki ya kupita na kulala porini kwa uangalifu, kwa watu wachache na siku chache, mbali na nyumba na barabara. Upande wa Uingereza mnahitaji ruhusa ya mwenye ardhi. Yaani mita mbili za nyasi zinabadilisha jibu. Ila mwezi wa 11, usiku wa saa 15, na watoto, mimi ningeliacha wazo hilo hadi kiangazi. Mkilala siku hiyo, moto usiwashwe ardhini kamwe. Mboji inashika moto chini kwa chini na kutokea mita kadhaa mbele siku ya pili. Tumieni jiko la gesi juu ya jiwe. Anga ya huku ni hifadhi ya giza tangu 2013, kwa hiyo hata bila kulala, mkiwa bondeni jioni zimeni taa za gari dakika 10 watoto waone nyota.

Kuna vibanda viwili vya kujikinga vya wapitao Pennine Way, kimoja Yearning Saddle magharibi na kingine Auchope kaskazini-mashariki. Msivihesabu kwenye mpango wenu. Cha Yearning Saddle kiko karibu mwendo wa saa mbili kutoka kileleni, na cha pili ni mbali zaidi.

Juu kabisa mtakuta rundo kubwa la mawe na nguzo ya wapima ardhi. Linaitwa Russell's Cairn. Lord Francis Russell aliuawa 1585 siku ya mapatano, ile ambayo wasimamizi wa mpaka wa falme mbili walikutana huku kusikiliza kesi za wizi wa ng'ombe na mauaji. Lakini rundo lenyewe ni kaburi la Zama za Shaba, lilikuwa na maelfu ya miaka siku Russell anakufa. Jina lake lilibandikwa tu. Linalindwa kisheria. Watu wamezoea kuongeza jiwe au kusogeza mawe wajenge kikinga upepo, na kila jiwe linalosogezwa linaharibu kile ambacho wataalamu wangeweza kukisoma. Watoto wakae pembeni ya upande usio na upepo, wale, wasipange mawe upya.

---

NyasiZaJuu

Asanteni sana, nimechapisha majibu yote. Mpango sasa ni Slymefoot saa tatu asubuhi, kupanda The Street, kugeuka saa saba kamili, kushukia Trows ikiwa kuna mwanga, la sivyo tunarudi kwa uzio. Mahema tumeyafuta.

Mawili yamebaki. Upepo wa kiasi gani unatufanya tuahirishe? Na maji na choo inakuwaje?

---

Ukungu55

Angalieni utabiri wa Met Office, idara ya hali ya hewa ya Uingereza, wa kilele chenyewe, msitazame wa Newcastle. Kila mita 100 za kupanda joto linashuka kama nusu digrii hadi digrii moja, kwa hiyo Slymefoot ikiwa na digrii 6, juu ni 3, na upepo unaifanya ngozi ihisi chini ya sifuri. Msukumo wa upepo ukitabiriwa kuzidi kilomita 60 kwa saa, ahirisheni. Mtoto wa miaka 11 mwenye kilo 35 anasukumwa na upepo huo, na koti la mvua linakuwa tanga. Kati ya 40 na 60 mnaweza kwenda, ila kagueni mwelekeo: ukitoka magharibi utawasukuma mgongoni mkielekea kileleni, mtajiona mnakwenda vizuri, na kurudi kwa uzio mtakuwa mmeukabili usoni kwa kilomita 2. Hilo ndilo la kupimia, si mlivyojisikia wakati wa kwenda.

---

MchungaWaKaskazini

Choo tumieni cha maegesho ya Alwinton kabla ya kuingia bondeni, mbele msitegemee. Juu, nendeni angalau mita 50 kutoka kijito chochote, chimbeni shimo la kina cha sentimita 15 kwa koleo dogo, fukieni, na karatasi irudi nayo kwenye mfuko. Kwenye mboji haiozi.

Maji, lita moja na nusu kwa mtu mzima na lita moja kwa mtoto, pamoja na thamosi mbili za chai ya maziwa yenye sukari. Maji ya vijito yanaonekana safi lakini kondoo wamejaa juu yake na mzoga ukiwa mita 300 juu hamtauona. Yachemsheni hadi yatokote au msinywe. Na chai moja isifunguliwe hadi mrudi kwenye gari, kwa ajili ya atakayechelewa.